Tundu la Kutokea

Nyuma ya kiwanja, karibu na ukuta wa mpaka, kulikuwa na ubaridi. Haukuwa ubaridi wa kivuli, maana hapakuwa na mti wala paa. Jua la saa saba lilipiga pale kama lilivyopiga kwingine kote, lakini ukisimama kando ya lile jiwe bapa lililolala ardhini, nyayo zilipoa, na ukiinama ulihisi hewa ikikupita usoni kama mtu mwenye haraka zake. Vibarua walilipenda jiwe hilo. Waliweka madumu yao ya maji juu yake yapate kupoa, wakawa wanamtania mwenye nyumba kwamba hana haja ya kununua friji. Hakuna aliyeuliza ubaridi ule unatoka wapi. Mtu akipewa cha bure haulizi kilikotoka.

Nyumba ilikuwa ya mshonaji na mumewe, dereva wa gari la mikate. Kwa maneno ya dereva mwenyewe, nyumba ilikuwa ya mshonaji. Yeye alikuwa mpangaji tu tangu siku ya ndoa. Walikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka sita aliyeitwa Kinanda. Jina la cheti alikuwa nalo, lakini lilitumika shuleni tu. Alizaliwa na pumu, na siku bibi yake mzaa baba alipomweka begani mara ya kwanza, akasikia kifua kile kichanga kikipiga filimbi mbili tatu kwa pamoja, alisema, "Huyu amemeza kinanda." Watu wakacheka na jina likakaa. Walicheka siku ambazo kifua kimetulia. Siku kilipobana hakuna aliyecheka, na mama yake alivuta pumzi pamoja naye mpaka mbavu zikamuuma, utadhani angeweza kumsaidia kuivuta.

Nyumba ile ilijengwa kwa ajili ya kifua hicho. Walikuwa wamepanga vyumba kando ya barabara, na kila gari lililopita liliwaachia vumbi mlangoni kama salamu. Mshonaji aliapa kwamba akijenga, atajenga nyumba ambayo vumbi litapiga hodi mpaka lichoke. Madirisha yawe ya vioo visivyofunguka, milango ikaze, na hewa yote iingie kwa bomba la bati lenye chujio. Ndiyo sababu akaitwa fundi wa mabomba ya hewa, bwana mmoja mnene, mwenye maneno mengi, ambaye zamani alitengeneza mafriji na watu wakambandika jina la Baridi.

Baridi alikuja kabla dari haijafungwa. Alichora kwa chaki kwenye sakafu ya saruji, akipiga magoti na kuguna, nyumba nzima ikawa na mishipa.

"Dada, hewa ni mgeni," alimwambia mshonaji. "Ukimfungulia mlango wa kuingia, mwonyeshe na wa kutokea. Kila chumba nakupa matundu mawili. Hili linaleta, hili linaondoa. Feni iko hapa juu, inavuta kutoka nje, inasukuma ndani. Chumba chenye tundu moja si chumba, ni chupa."

"Na utajuaje kama inapita?"

Baridi akachomoa mfukoni kipande cha karatasi ya chooni. "Hii ndiyo mashine yangu. Naishika mbele ya tundu. Ikisukumwa, hewa inakuja. Ikivutwa, hewa inakwenda. Karatasi haina shule, kwa hiyo haina uongo."

Walikuwa bado wanabishana mdomo wa bomba, yaani pale hewa itakapovutwa kutoka nje, uwekwe ukuta gani. Baridi alitaka ubavuni mwa nyumba, juu, penye upepo wa wazi. Mshonaji alikuwa hajaamua. Jambo lililomwamulia likatokea siku ya kumwaga zege.

Siku hiyo alikuwa amekuja na Kinanda. Kibarua mmoja alipasua mfuko wa saruji, upepo ukaugeuza wingu, na mtoto akawa katikati yake. Kifua kikabana papo hapo. Dawa ya kuvuta ilikuwa imesahaulika kwenye gari la mikate, na gari la mikate lilikuwa mjini. Mshonaji akambeba mtoto akakimbia naye kuelekea nyuma, mbali na vumbi, midomo ya mtoto ikibadilika rangi begani mwake, na alipofika ukutani akakaa juu ya lile jiwe bapa.

Kinanda kikanyamaza.

Hakikupungua kidogo kidogo kama ilivyo kawaida. Kilikatika. Mshonaji aliweka sikio kwenye kifua cha mwanawe asisikie filimbi yoyote, na kwa muda wa kupepesa jicho akaamini amempoteza. Kisha mtoto akasema kwa sauti safi, "Mama, nataka maji."

Mshonaji alilia pale juu ya jiwe, akacheka, akalia tena. Alipomfuata Baridi, macho yalikuwa mekundu lakini uamuzi ulikuwa umeshafanyika. "Mdomo wa bomba uwe nyuma. Pale kwenye jiwe."

"Dada, kule ni chini, na ni kwenye kona. Bomba litakuwa refu."

"Lirefushe."

Baridi akaenda, akainama, akaishika karatasi yake. Ikacheza. Akahisi ubaridi ule shingoni na jasho lake likakauka kwa raha. "Kweli hapa pazuri," alisema. "Hata mimi ningelala hapa." Akakubali, maana mwenye nyumba ndiye mwenye nyumba, na raha ya ubaridi nayo ilimshauri.

Kosa la pili lilikuwa dogo zaidi, na kosa dogo ndilo linalokaa. Tundu la kuondoa hewa katika chumba cha Kinanda lilikuwa limepangwa kwenye ukuta ambao mshonaji aliutaka kwa kabati. Halafu yeye alikuwa na hofu yake: tundu linalotoka nje, upepo ukigeuka, si litaleta vumbi? Akamwambia Baridi aliondoe. Baridi akakuna kichwa, akanung'unika habari za chupa, mwisho akasema, "Basi angalau niachie uwazi chini ya mlango. Vidole viwili. Hewa itapenya hapo itoke kwa vyumba vingine."

"Nitakuachia," alisema mshonaji, na wakati ule alikusudia hivyo.

Lakini mshonaji akiona pengo, mkono unamwasha. Wiki waliyohamia, kila alipopita mbele ya mlango wa mwanawe aliuona ule uwazi wa vidole viwili, akaona vumbi likipita hapo hata kama halikuwapo. Akachukua mabaki ya vitambaa, akashona mfuko mrefu mwembamba, akaujaza pamba, akautia vifungo viwili vya macho kwa utani. Ulikuwa nyoka mzuri wa maua mekundu. Akamlaza chini ya mlango, na pengo likazibika sawasawa.

Miezi ya mwanzo ilikuwa ya heri. Kinanda hakupiga filimbi hata mara moja. Alikimbia, akapanda kochi, akaimba nyimbo ndefu bila kukata. Dawa ya kuvuta ikalala kwenye mtoto wa meza. Dereva alirudi jioni akinuka mikate, akamrusha binti yake juu akamdaka, akasema kama angejua mabati yana dawa angemfungia bomba tangu tumboni. Mama yake dereva, bibi mwenyewe aliyetoa lile jina, akahamia chumba kilicho karibu na cha mjukuu wake, akalalamika kwamba sasa jina halina maana.

Yeye ndiye aliyesikia kwanza. Ilikuwa asubuhi, jua limejaa sebuleni, mshonaji yuko kwenye cherehani.

"Mwanangu," bibi aliita kutoka koridoni, kwa sauti ya chini. "Mtoto kifua kimemrudia. Hebu njoo."

Mshonaji aliruka. Walisimama wote wawili mbele ya mlango wa Kinanda, na kweli, kutoka ndani ilisikika ile sauti waliyoijua kuliko sauti zao wenyewe: filimbi nyembamba ya kuvuta, filimbi nene ya kutoa, na katikati yake mkwaruzo mdogo. Mshonaji akamsukuma nyoka kwa mguu, akafungua. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Chumba kilikuwa kitupu. Nje, kupitia kioo cha dirisha, walimwona Kinanda akiruka kamba uani, anahesabu kwa sauti, uso unang'aa kwa jasho. Na filimbi iliendelea juu ya vichwa vyao, ndani ya tundu la bati.

Bibi akamshika mkwewe mkono. "Hicho ni kifua cha nani?"

"Ni upepo, mama. Baridi alisema bomba jipya linapiga kelele mpaka litulie."

"Upepo gani unaobanwa?"

 Mshonaji akafunga mlango, akamrudisha nyoka mahali pake.

Siku kadhaa baadaye umeme ulikatika mchana. Nyumba yenye feni kubwa darini, ikinyamaza, hunyamaza kama mtu aliyekatizwa katikati ya neno. Kinanda alikuwa amelala usingizi wa baada ya chakula. Mshonaji aliingia kumwangalia, akaona chumba kina ubaridi kuliko kawaida, kioo cha dirisha kimefunga ukungu kwa ndani, na kuna harufu ya majivu yaliyolowa. Baridi alikuwa amefunga utepe mwekundu kwenye tundu la hewa ili waone feni inapofanya kazi. Feni ilikuwa imezimika, na utepe ulikuwa unatembea. Ulisukumwa ukanyooka kuelekea kitandani, ukatulia, halafu ukavutwa ukarudi ukalamba bati, ukatulia, ukasukumwa tena, na mshonaji alipogeuza macho taratibu kumtazama mwanawe aliona kwamba utepe uliposukumwa ndipo kifua cha mtoto kilipoinuka, na kifua kiliposhuka ndipo utepe ulipovutwa, huyu akitoa yule anapokea, yule akitoa huyu anapokea, kama watu wawili wanaopokezana ndoo, na upande wa mtoto pumzi ilipita laini bila mkwaruzo, na upande wa bomba, kila mara, ilipita kwa filimbi, kwa kubanwa, kwa mateso yaleyale aliyokuwa akiyasikia tangu siku alipozaa.

Alielewa. Kitu kilikuwa kimechukua pumu ya mwanawe na kinaiugua badala yake.

Angepiga kelele. Angemnyakua mtoto akakimbia. Badala yake alisimama pale, mkono mdomoni, na moyoni mwake, chini ya hofu, kulikuwa na shukrani. Akatoka kwa kunyata akafunga mlango. Hakumwambia mumewe jioni ile, wala kesho yake. Bibi alimtazama tu wakati wa kula, mwisho akamwambia kwa kunong'ona, "Mtu akikubebea mzigo na wewe hukumwita, muulize basi anakwenda wapi."

Hakuuliza. Kinanda akaanza kupoa. Kwanza vidole, halafu masikio, halafu mgongo. Aliacha kucheza uani. Alikaa kitandani chini ya tundu, miguu imekunjwa, na alipoitwa aende hata dukani na bibi yake alikataa.

"Kwa nini hutaki, mama?" bibi alimbembeleza.

"Nikitoka anakosa wa kumpa."

"Nani?"

Mtoto akanyoosha kidole juu. "Huyu. Hana pa kupitia, bibi. Anazunguka tu."

Jioni ile dereva alirudi akamnyanyua binti yake kama kawaida, na hakumrusha. Akamshusha polepole. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Mama Kinanda," alisema kwa sauti ndogo, "nimebeba mikate ya jana yenye joto kuliko huyu mtoto. Kuna nini ndani ya nyumba hii?"

Ndipo mshonaji akasema yote, akilia, na dereva hakumgombeza. Akavaa viatu akaenda kumfuata Baridi, na bibi akamfuata mganga wake.

Baridi alifika asubuhi na mzaha wake, kwamba jini lenye akili lingeingia nyumba yenye friji kubwa. Akapanda darini na tochi. Walisikia magoti yake yakiburuzika, kisha yakasimama. Aliposhuka hakuwa na mzaha. Aliketi kwenye ngazi akajifuta viganja kwenye suruali mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Bomba la chumba cha mtoto limelowa kwa ndani," alisema. "Nimeweka mkono juu yake. Linatanuka, dada. Linatanuka na kunywea. Mimi nimefanya kazi na bati maisha yangu yote. Bati halipumui."

Mtu wa bibi aliingia mchana. Alikuwa mwanamke mwembamba, mzee kuliko bibi, na watu walimwita Bibi Kimya kwa sababu alitibu wenye majini bila makelele. Hakuangalia chumba kwanza. Aliomba aonyeshwe mabomba yanaanzia wapi. Walimpeleka nyuma, akaliona jiwe bapa, akauona mdomo wa bomba umetoka ukutani, umeinamia jiwe lile karibu kuligusa. Akavua kandambili zake kabla ya kusogea.

"Hili si jiwe," alisema. "Huu ni mlango wa watu wasioonekana. Nani alipanga bomba likae hapa?"

"Mimi, bibi," alisema mshonaji.

"Na lina mashine ya kuvuta?"

"Ndiyo, bibi," alisema Baridi. "Feni kubwa."

Bibi Kimya akatikisa kichwa, na usoni mwake, badala ya hasira, kulikuwa na huruma. "Basi mwenye mlango hakuwaingilia. Nyinyi mlimvuta. Alikuwa kwake amekaa, mkamnyonya kwa mashine mkamtia chumbani. Sasa nionyesheni anapotokea."

Wakatazamana. Baridi akamtazama mshonaji, mshonaji akatazama chini.

"Hakuna," alisema Baridi.

"Chini ya mlango je?"

Bibi mzaa baba akaenda akarudi na yule nyoka wa maua mekundu, akamweka mikononi mwa mganga. Bibi Kimya alimgeuza, akavitazama vile vifungo vya macho. "Umeshona vizuri," alisema. "Hata pumzi haipiti. Kiumbe amefungiwa na mtoto, hewa ya chumba haiwatoshi wawili, akampa mtoto yeye akabaki na shida. Lakini amechoka. Akichoka kabisa atatafuta chumba kingine, na hapo kuna chumba kimoja tu kilichobaki." Akagusa kifua chake mwenyewe ili waelewe.

Ikawa mipango upya, kama siku zile za chaki. Walisimama chumbani mwa Kinanda wakizungumza kwa kunong'ona, mganga na fundi wa bati, tundu likatwe wapi. Dereva alitaka litoke upande wa barabara. Bibi mzaa baba akasema huko kuna watu wanapita, na wao wana watoto pia. Baridi akapima kwa macho: pale nyuma ya kabati, kwenye mahali palepale alipopapanga mwanzo, bomba litoke nje lishuke ukutani mpaka juu ya jiwe. Arudishwe kwake. Bibi Kimya akasema hivyo ndivyo. Kabati likasukumwa, ukuta ukapigwa, na kufikia alasiri tundu lilikuwa wazi, duara safi, na bomba lake limeshuka nje mpaka juu ya jiwe. Mdomo wa zamani Baridi aliuziba, akafungua mwingine ubavuni juu, penye upepo wa wazi.

Bibi Kimya akawasha ubani kwenye kigae. Baridi, kwa hofu, akaropoka kwamba hata wao hutumia moshi kupima mabomba, kisha akatoka kwenda kusimama kando ya jiwe na karatasi yake.

"Sikiliza, mwanangu," mganga alimwambia mshonaji. "Utamshika mtoto mbele ya hilo tundu. Huyu mwenzetu ataondoka mwenyewe, hahitaji kufukuzwa. Lakini akiondoka ataacha kisicho chake. Kifua kitambana mtoto, na kitabana vibaya. Baba yake atakuwa na dawa ya hospitali mkononi, moshi ukishatoka wote ampe. Kabla ya hapo usimzibe, usimfunike, usiseme neno. Unaelewa?"

"Naelewa, bibi."

Dereva alikuwa amesimama karibu na mlango, dawa ya kuvuta mkononi, kidole juu yake tayari. Kutoka kwake mpaka kwa mama na mtoto hapakuwa mbali; mtu angeweza kunyoosha mkono wakashikana.

Feni ikawashwa. Moshi ukapanda, ukasita chini ya dari, ukazunguka chumba kama unaotafuta, halafu Bibi Kimya akasema maneno yake polepole na moshi ukapata njia, ukaanza kwenda kwenye tundu jipya, ukijikusanya, ukirefuka, na filimbi iliyokuwa ndani ya bati ikashuka, ikasikika ukutani, ikasikika karibu na kitanda, na Kinanda akapanua mdomo na filimbi ikawa yake, kifua kikambana kwa nguvu ya miezi yote ile aliyosamehewa, shingo ikakaza, macho yakamtoka, midomo ikageuka rangi ileile ya siku ya saruji, akamshika mama yake nguo kwa vidole vyote na akamtazama, akamtazama mama yake kama anayeuliza umeniitia nini huku, na moshi ulikuwa bado nusu ndani nusu nje, na mganga alikuwa bado anasema, na dawa ilikuwa palepale mkononi mwa baba yake, na mshonaji, aliyekuwa amesikia kila neno aliloambiwa na kulielewa, akauvuta uso wa mwanawe akaukandamiza kifuani mwake, akainamia nywele zake na kunong'ona, kwa sauti ambayo hata yeye aliisikia kwa taabu, "Basi, kaa. Kaa naye."

Filimbi ikakatika.

Moshi uliobaki ukatoka kwa tundu, ukaisha. Nje Baridi aliita kwamba karatasi imeruka mpaka kwenye jiwe, kisha hewa imetulia. Ubaridi ukaondoka chumbani kama mtu aliyebebwa, na jua lililoingia kwa kioo cha dirisha lilikuwa na joto. Dereva alimkimbilia mtoto na dawa, akamkuta anapumua kwa utulivu, kichwa begani mwa mama yake. Akaketi sakafuni akalia.

Bibi Kimya hakulia wala hakutabasamu. "Amebanwa?" aliuliza.

"Amebanwa, bibi," alisema mshonaji. "Mmesikia wote."

Mganga alimtazama muda. "Kifua kitarudi kupiga filimbi siku si nyingi. Kikipiga, furahini. Ndiyo dalili kwamba mtoto yuko peke yake. Mpeni dawa zake kama watoto wengine." Akavaa kandambili, akaenda zake.

Nyumba ikawa nyumba. Madirisha mawili yalibadilishwa yakawa ya kufunguka. Vumbi likaingia, bibi akalifagia kwa furaha. Baridi alipita kila alipokuwa na nafasi, akashika karatasi yake kwenye kila tundu, hewa ikaingia na kutoka kama alivyochora. Bibi alitega sikio kwenye kifua cha mjukuu wake kila asubuhi akasema, "Bado," na dereva akacheka kwamba ni nyumba hii tu duniani inayongojea pumu kwa hamu.

Mshonaji hakucheka. Alingoja kuliko wote, na aliogopa kuwaambia kwa nini.

Siku moja mchana alikuwa barazani anashona vifungo. Mlango ulikuwa wazi, madirisha yalikuwa wazi, upepo ulipita ndani ya nyumba kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kinanda alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na miguu yake, uso kwenye jua. Kifua chake kilikuwa kimenyamaza kabisa. Mshonaji alimtazama, akatazama tena, akaweka sindano chini. Mfukoni mwake mlikuwa na kipande cha karatasi alichokisahau Baridi. Akapiga magoti, akakishika mbele ya pua ya mwanawe.

Karatasi ikavutwa. Ikagusa midomo ya mtoto, ikalala pale.

Akangoja isukumwe. Upepo ulicheza na nywele za mtoto, ukacheza na pindo la mkeka, na karatasi haikutikisika. Akamgusa shavu, lile lililokuwa upande wa jua, lilikuwa la baridi. Karatasi ikavutwa tena kidogo, ikazama katikati ya midomo. Haikurudi.

Kinanda akafumbua macho. Akaitoa ile karatasi mdomoni kwa vidole viwili, kwa adabu, akamrudishia mama yake.

"Mama," alisema kwa sauti safi, "anauliza, atokee wapi?"